Balbu za zenoni kwenye taa za Datsun 240Z: uchambuzi wa kisa

Usuli

Gari ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani kulia, linatumika Kenya. Jina la mwenyewe, mji anakoishi, namba ya gari na gereji zilizohusika vimeondolewa. Kwa asiyelijua: ni gari la spoti la milango miwili, injini ya silinda sita ya lita 2.4, boneti ndefu na viti viwili vilivyokaa chini. Aina hii ilishinda mbio za East African Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, mara ya pili likiendeshwa na Shekhar Mehta, na hadi leo wapo wanaoyatunza kama mboni ya jicho.

Taa zake kubwa ni za duara, kipenyo inchi 7, moja kila upande. Taa za kiwandani, zile ambazo uzi ukikatika unatupa taa nzima, ziliondolewa zamani na mmiliki wa awali. Mahali pake zikawekwa taa za kioo chenye mistari zinazotumia balbu ya H4 ya halojeni, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu.

Lalamiko lilikuwa fupi. Usiku kwenye barabara ya Nairobi–Mombasa, akiwa kwenye dimu, mwenye gari alijiona kama anayetembea na koroboi. Mwanga ni wa njano, na injini isipokanyagwa unazidi kunywea. Alikwisha kununua balbu mpya mara mbili bila kuona tofauti. Akaamua kuhamia zenoni, yaani balbu zisizo na uzi, ambazo huwaka kwa tao la umeme ndani ya kichupa cha gesi.

Mambo mawili kuhusu umeme wa gari hili yanafaa kujulikana mapema, maana ndiyo yaliyoamua kisa chote. La kwanza, umeme wote wa taa kubwa hupita ndani ya swichi ya kwenye nguzo ya usukani. Hakuna relei, ile swichi ya sumaku inayotumia mkondo mdogo kuwasha mkubwa. La pili, swichi ya fulu na dimu hukata upande wa hasi. Chanya huenda moja kwa moja kwenye ncha ya pamoja ya balbu, na uzi wa fulu au wa dimu hupata hasi kupitia swichi. Magari mengi hufanya kinyume chake.

Mambo yalivyokwenda

Seti ya zenoni ya kuchomeka. Ilinunuliwa seti ya H4 ya rangi ya kelvini 6000 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikipanda mwanga huelekea kwenye buluu): balbu mbili, balasti mbili za wati 35 (visanduku vinavyopandisha volti za kuwashia balbu) na waya zake. Balbu za namna hii zina kichupa kimoja tu cha zenoni. Sumaku ndogo hukisogeza mbele na nyuma milimita chache ili kuigiza fulu na dimu.

Ilipochomekwa haikuwaka. Soketi ya seti ilitegemea chanya ije kwenye ncha za fulu na dimu, na hasi iwe kwenye ncha ya pamoja. Hapa mambo yalikuwa yamegeuka. Fundi alikata soketi, akachukua chanya kwenye waya wa zamani wa taa, hasi akaifunga kwenye bodi, na waya wa sumaku akauacha unaning'inia. Taa zikawaka. Ila kwa kuwa sumaku haikuwa na umeme, fulu haikuwepo tena: taa ya buluu kwenye dashibodi iliwaka, mwanga barabarani haukubadilika.

Kwa siku mbili tatu mwenyewe alifurahi. Mbele ya bampa palikuwa peupe kama mchana. Kisha malori yakaanza kumpigia fulu, moja baada ya jingine, hata alipokuwa amepunguza. Taa ya kushoto ikaanza kugoma: ukiwasha kabla injini haijanguruma, mara moja katika tatu inabaki giza, ukizima na kuwasha tena inashika. Mvua ilipomkuta njiani aliona ukuta mweupe mbele yake na kidogo sana zaidi ya hapo. Wiki ya tatu ikaja harufu ya plastiki inayoungua kutoka kwenye nguzo ya usukani, na taa zote mbili zikazimika gari likiwa kwenye mwendo. Alisimama pembeni salama. Swichi ilipofunguliwa, kontakti zilikuwa nyeusi na plastiki iliyozishika imebonyea.

Vipimo. Gereji ya pili ilikataa kuweka chochote kipya kabla ya kupima. Ilitengeneza swichi, ikarudisha balbu za halojeni, ikawasha injini kwa mizunguko 2,000 kwa dakika na kuweka mita. Kwenye betri: volti 13.9. Kwenye soketi ya taa, balbu ikiwa inawaka dimu: volti 11.6. Zilizopotea ni volti 2.3, kati yake 1.5 upande wa chanya na 0.8 upande wa hasi, yaani kwenye safari ya kurudi kupitia swichi.

Hesabu hii ndiyo moyo wa kisa. Mwanga wa balbu ya halojeni haushuki sambamba na volti. Hushuka kwa takriban kipeo cha 3.4. Gawa 11.6 kwa 13.9 upate 0.83, ipandishe kwa kipeo hicho, utabaki na 0.54. Balbu mpya alizokuwa akinunua zilikuwa zinatoa nusu tu ya mwanga ambao zingetoa kwa volti za betri. Haikuwa hitilafu ya balbu hata siku moja.

Jaribio la barabarani lilikuwa rahisi na lilirudiwa kila hatua. Kwenye barabara ya ndani ya shamba, isiyo na magari mengine, katoni la kahawia la sentimita 40 kwa 40 liliwekwa ukingoni mwa kushoto. Gari lilisogea taratibu kwenye dimu mpaka dereva aseme ameliona, kisha umbali ukapimwa kwa futi ya kamba. Halojeni kwa waya za zamani: mita 35. Seti ya zenoni, ambayo ililishwa waya wa muda moja kwa moja kutoka kwenye betri ili isionewe: mita 31. Kwa kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo mita 35 ni sekunde moja na nusu hivi. Na taa iliyoonekana "kali" ilimpunguzia dereva mita nne.

Relei. Balbu za H4 zilibaki zile zile, ikabadilishwa njia ya umeme. Relei mbili za ampea 30, moja ya dimu na moja ya fulu, kila moja na fyuzi yake ya ampea 15. Waya wa milimita 4 za mraba kutoka chanzo hadi relei, milimita 2.5 za mraba kutoka relei hadi kila taa, na waya wa hasi wa unene huo huo kutoka kila taa hadi bodi, rangi ikiwa imekwanguliwa mpaka chuma king'ae na boti kuwekwa washa ya meno. Soketi za H4 zilikuwa za kauri, kwa sababu za plastiki za zamani zilikwisha kukauka na kupasuka.

Kwa kuwa gari hukata hasi, koili za relei (sumaku zinazoziwasha) hazikufungwa kama inavyoonyeshwa kwenye makaratasi ya seti za dukani. Koili zote mbili zilipata chanya kutoka ncha ya pamoja ya soketi ya zamani. Upande wa pili wa koili ya dimu ukaenda kwenye waya wa dimu, na wa koili ya fulu kwenye waya wa fulu. Swichi ya usukani sasa inabeba sehemu ndogo ya ampea moja, si ampea nane au tisa kama mwanzo.

Volti kwenye soketi zikapanda hadi 13.5. Katoni likaonekana kwa mita 48. Taa hazikuwa zimebadilishwa hata skrubu.

Projekta. Miezi minne baadaye mwenyewe alirudi. Aliridhika, ila safari zake za usiku ni ndefu na alitaka upana zaidi kwenye kingo, wanakopita watu na mifugo. Hapo ndipo zenoni iliporudi mezani, safari hii ikiwa ndani ya projekta, yaani kitaa kidogo chenye lenzi yake kinachokaa ndani ya taa kubwa.

Zilichaguliwa projekta ndogo za inchi 2.5 za fulu na dimu pamoja, aina yenye shina la mizunguko kama ya skrubu linalopita kwenye tundu la balbu ya H4 na kukazwa kwa nati kubwa kwa nyuma. Ndani ya projekta kuna pazia la chuma linalokata mwanga wa juu. Ukipiga fulu, sumaku hulishusha. Zikanunuliwa pia taa mpya za inchi 7 zenye kioo kisicho na mistari. Hili halina mbadala: mistari ya kioo cha zamani ilikusudiwa kutawanya mwanga wa rifleta (bakuli la ndani linaloakisi mwanga), na ukiweka projekta nyuma yake mstari mkali wa kukata mwanga huvurugika wote.

Jozi ya kwanza ya projekta ilikuwa na kosa. Mstari wa mwanga ulipanda upande wa kulia, maana zilitengenezwa kwa nchi ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara. Kenya hilo humulika macho ya anayekuja na kuacha giza ukingo wa kushoto. Muuzaji aliandika tu "zinafaa magari yote". Ziligunduliwa ukutani kabla hazijafungwa kwenye gari, zikarudishwa, na kusubiri jozi sahihi kukachukua wiki tano.

Kufunga projekta hatua kwa hatua

Taa mpya ilifunguliwa kwa joto. Kioo kilikuwa kimeshikwa kwa gundi laini nyeusi ya butili; taa nzima iliwekwa kwenye ovena ikiwa bado baridi, ikapandishwa hadi nyuzi 100, ikaachwa dakika kumi na mbili na kufunguliwa taratibu kwa bisibisi bapa iliyofungwa tepu. Ovena ikiwa tayari ya moto, kioo hupasuka. Na kama taa imeshikwa kwa silikoni ngumu, achana nayo, tafuta nyingine.

Kabla ya kukaza, nafasi ya nyuma ilipimwa kwa donge la udongo laini wa kuchezea lililobandikwa nyuma ya nati, taa ikarudishwa kwenye kibakuli chake na kutolewa tena. Unene wa udongo uliobaki ulionyesha kuwa balbu na soketi yake zingekaa bila kugusa chuma. Kwenye madigadi ya gari hili nafasi ni ya kubana, kwa hiyo dakika tano za udongo ziliokoa siku nzima.

Projekta ilikazwa kwa mkono kwanza. Taa ikafungwa kwenye gari, ikawashwa ukutani, na projekta kuzungushwa mpaka mstari wa mwanga ulingane na uzi uliovutwa kwa pima maji. Ndipo nati ikakazwa kabisa na kutiwa gundi ya kuizuia isilegee. Ukikaza mezani kwa kukadiria, mstari utainama digrii mbili tatu, na skrubu za kurekebisha taa hazina uwezo wa kuunyoosha.

Balasti hazikuwekwa ndani ya madigadi, maana gurudumu hurusha matope na mawe huko. Ziliwekwa nyuma ya bamba la mbele la rejeta, zikisimama wima, waya zikitokea chini ili maji yasitambae kuingia. Waya wa volti kubwa kati ya balasti na balbu haukukatwa wala kurefushwa. Wakati wa kuwasha hupitisha msukumo wa zaidi ya volti 20,000. Kila anayefanya kazi hii azime swichi na achomoe betri kabla ya kugusa soketi ya balbu.

Waya za zamani za relei zilitumika tena kwa mabadiliko madogo. Balasti inatakiwa iwake muda wote, kwenye dimu na kwenye fulu, kwa hiyo koili ya relei yake ilifungwa kati ya ncha ya pamoja na bodi. Relei ya pili, ya sumaku ya projekta, ilibaki kati ya ncha ya pamoja na waya wa fulu. Kila balasti ilipata fyuzi yake ya ampea 20. Ikishatulia hula ampea tatu na kitu, lakini sekunde za mwanzo huvuta mara nne ya hapo.

Kulenga taa kulifanywa gari likiwa na nusu tangi, upepo sahihi kwenye matairi na mtu kwenye kiti cha dereva. Kitovu cha taa kilikuwa sentimita 63 kutoka chini. Kwa mita 10 kutoka ukutani, mstari wa mwanga uliwekwa sentimita 53, yaani mteremko wa asilimia 1. Kwa mteremko huo sehemu bapa ya mwanga hugusa lami mita 63 mbele.

Maamuzi na sababu zake

Umeme ulichukuliwa kwenye nguzo ya altaneta, yaani ncha ambako mashine hiyo ya kuchaji hutolea umeme, si kwenye betri. 240Z ya mwaka 1972 ina amita, kipimo cha mkondo, kwenye dashibodi, na amita hiyo imekaa kati ya altaneta na betri. Ukichukua umeme wa taa kwenye betri, kila ukiwasha taa sindano itaelekea upande wa kuchaji, na dereva ataamini betri inajaa wakati ni taa zinazokula. Ukichukua kwenye altaneta, amita inabaki kusema kweli. Fyuzi kuu iliwekwa sentimita 15 tu kutoka kwenye nguzo hiyo, maana kipande chochote kabla ya fyuzi kikikwaruzwa hakina kinga.

Rangi ilishushwa kutoka kelvini 6000 hadi 4300. Katika balbu za wati 35, za 4300 ndizo zinazotoa mwanga mwingi zaidi. Kadiri unavyoelekea kwenye buluu ndivyo lumeni, yaani kiasi cha mwanga, zinavyopungua, na kwenye mvua au vumbi mwanga wa buluu humchosha dereva mapema. Watu wengi huchagua 6000 au 8000 kwa sababu ya sura. Kwa gari linalokimbia usiku kati ya Voi na Mtito Andei, sura si sababu ya kutosha.

Balasti za wati 55 zilikataliwa. Altaneta ya enzi zile ni ndogo, rifleta ya projekta ndogo huungua kwa joto hilo, na balbu hufa mapema. Zenoni mbili za wati 35 zinakula kidogo kuliko halojeni mbili za wati 55, na hiyo ni faida ya kweli kwa gari lenye umri huu.

Uamuzi wa kuanza na relei ulitokana na vipimo peke yake. Mwenyewe hakuupenda. Alitaka kuruka moja kwa moja kwenye projekta, na alikubali tu baada ya kuelezwa kwamba waya hizo hizo zingehitajika vyovyote iwavyo.

Matokeo

Kwenye dimu, katoni sasa linaonekana kwa mita 70 ukingo wa kushoto, ambako mstari wa mwanga hupanda. Upande wa kulia mwanga hukatika mapema, kama inavyotakiwa. Katika mwaka mmoja wa matumizi, madereva wanaokuja wameacha kumpigia fulu, isipokuwa hali moja itakayoelezwa chini. Swichi ya usukani haipati joto. Hakuna balasti iliyogoma kuwaka, hata gari likiwashwa alfajiri ya baridi.

Mvua kubwa ya kwanza ilileta ukungu ndani ya taa ya kulia. Ilipofunguliwa, gundi ya butili ilikuwa na pengo dogo chini, saa sita ukihesabu kama uso wa saa, mahali ambapo bisibisi ilipita wakati wa kufungua. Gundi ya zamani ilikwanguliwa yote na kuwekwa mpya mduara mzima. Kujaza pengo peke yake kungedumu hadi mvua nyingine.

Fulu ni sehemu iliyopata faida ndogo zaidi. Projekta ya inchi 2.5 hupeleka mwanga mbali, lakini katikati yake haina ule mkuki mrefu ambao rifleta nzuri ya inchi 7 hutoa kwa balbu ya H4 yenye volti kamili. Anayeendesha zaidi kwenye barabara tupu, kwa fulu muda mwingi, apime jambo hili kabla ya kuvunja taa zake.

Uchambuzi

Kwa nini seti ya kuchomeka ilishindwa hata ilipopewa umeme wa kutosha? Ndani ya balbu ya H4 kuna nyuzi mbili. Uzi wa fulu umekaa kwenye kitovu cha rifleta. Uzi wa dimu uko mbele kidogo ya kitovu, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya rifleta. Kingo za kikombe hicho ndizo zinazochora mstari wa kukata mwanga ukutani. Kosa la milimita moja huonekana wazi mita 10 mbele. Zenoni haina uzi. Ina tao la umeme la milimita 4 hivi, lililojikunja kwenda juu, lenye kung'aa zaidi kwenye ncha zake mbili. Seti huweka bomba la chuma kuigiza kikombe, lakini bomba liko mbali na tao na umbo lake ni jingine. Matokeo yake mwanga hutoroka juu ya mstari na kuwapiga wanaokuja machoni, na sehemu kubwa ya uliobaki humwagika karibu na bampa.

Ule mwanga wa karibu ndio uliomdanganya mwenyewe. Lami ikiwa nyeupe mita kumi mbele, mboni ya jicho hujibana, na kitu kilicho mita arobaini mbele huzama gizani. Dereva hujihisi anaona vizuri, na hisia hiyo ni ya kweli kwa mita kumi za kwanza. Ndiyo maana katoni na futi ya kamba vilikuwa na thamani kuliko maoni ya mtu yeyote aliyekuwepo pale.

Lumeni zenyewe hazikudanganya. Balbu ya zenoni ya D2S ya kiwandani hutoa 3,200, na uzi wa dimu wa H4 hutoa 1,000. Mwanga mara tatu usiokuwa na pa kwenda ni hatari mara tatu. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na watengenezaji, kanuni namba 48, zinadai taa za dimu zenye chanzo cha zaidi ya lumeni 2,000 ziwe na mfumo wa kujirekebisha kimo na wa kusafisha vioo. Uingereza, tangu mwaka 2021, gari lililoanza kutumika Aprili 1986 au baadaye hufelishwa kwenye ukaguzi wa mwaka likiwa na balbu za zenoni ndani ya taa za halojeni. Gari la 1972 lingepita kwenye mstari huo wa tarehe. Jicho la dereva wa lori anayekuja halijui tarehe.

Kosa la fundi wa kwanza halikuwa uzembe. Alikuta soketi iliyogeuzwa, akaifanya iwake. Alichokosa ni kipimo cha dakika mbili: chomoa balbu, washa dimu, ncha nyeusi ya mita iwe kwenye hasi ya betri, kisha gusa ncha tatu za soketi moja moja. Ukikuta volti 12 kwenye ncha ya pamoja na sifuri kwenye ya dimu, gari linakata hasi. Ukikuta 12 kwenye ya dimu na sifuri kwenye ya pamoja, gari ni la kawaida. Bila kujua hilo, seti yoyote itawaka kwa kubahatisha. Swichi iliyeyuka kwa sababu iliendelea kubeba mkondo wote, na sasa ikaongezewa mshtuko wa balasti mbili zinazoamka pamoja. Kugoma kwa taa ya kushoto kulitoka hapo hapo: kwa waya zile, volti kwenye balasti zilishuka hadi 8.7 wakati wa kuwasha, chini ya ile 9 ambayo balasti nyingi huhitaji ili zishike.

Gereji ya pili nayo iliagiza projekta bila kutaja upande wa kuendesha. Wiki tano zilipotea kwa neno moja lililokosekana kwenye oda.

Kuna jambo ambalo halijatatuliwa. Gari hili halina njia ya kurekebisha kimo cha taa kutoka ndani. Mwenyewe akisafiri na abiria, tangi limejaa na mizigo iko nyuma ya viti, nyuma hukaa chini na pua huinuka. Kwa mita 10 mstari wa mwanga ulipanda kutoka sentimita 53 hadi 60, yaani mteremko ukabaki asilimia 0.3 tu. Barabara ikipanda kidogo, macho ya anayekuja yanaingia ndani ya mwanga, na hapo ndipo fulu za malori hurudi. Kwa sasa skrubu ya juu ya kila taa imewekwa alama mbili za rangi, nyeupe kwa gari tupu na nyekundu kwa gari lililojaa, na kugeuza kutoka alama moja hadi nyingine ni kazi ya bisibisi na dakika moja kabla ya safari. Springi za nyuma nazo zimepimwa na zimeonekana zimechoka. Zinasubiri kubadilishwa, kisha taa zitalengwa upya kuanzia mwanzo.